Pumzi za Mpangaji

"Hivi shoga, huyo mpangaji wako hulala peke yake kweli?"

Jirani aliuliza hivyo huku akianua nguo, akaenda zake. Swali likabaki kwa mjane mwenye nyumba kama mwiba wa samaki kooni. Yeye aliyejisifu kuwa hata panya hapiti uani bila yeye kumjua! Tena alimpenda yule mpangaji, binti mshona nguo. Ndiye aliyemwita Mama, aliyemsomea maandishi madogo ya dawa, na aliyeirudishia nyumba sauti baada ya mumewe kufariki. Hakutaka kumpoteza. Alitaka kujua tu, na kujua, kwa mcha Mungu kama yeye, si umbea.

Mtoto wa kaka yake, fundi wa viyoyozi, alikuwa amemwekea sebuleni kidude cheupe kinachotuma namba kwenye simu.

"Shangazi, hiki kinapima kabonidayoksaidi, ile hewa tunayoitoa tukipumua. Watu wakijaa chumbani, namba inapanda. Lakini pia..."

"Nimeelewa, mwanangu," akamkata, maana saa ya sala ilikuwa imewadia. Ndivyo alivyojiambia.

Binti alipokwenda kazini, mjane akaingia chumbani mwake, akakipandisha kile kidude juu ya kabati, akitanguliza jina la Mungu, kana kwamba Mungu naye alikuwa na hamu ya kuchungulia.

Alfajiri akatazama simu. Elfu mbili na mia tatu! Akapiga hesabu yake ya shule ya msingi. Wanawake wanne wa kikundi cha sala walipokaa sebuleni, namba ilifika mia nane. Basi humo ndani mna watu kumi na moja na nusu. Hata ile nusu haikumshtua.

Akampigia fundi aje mbio, akamwita jirani awe shahidi, kisha akagonga mlango.

"Fungua! Na wenzako watoke mmoja mmoja!"

Binti akafungua, kichwa amekifunga kitambaa. "Wenzangu gani, Mama? Kichwa kinanigonga tangu juzi."

Jirani akainama uvunguni, akatoka na kandambili moja. Fundi akasukuma dirisha. Halikutikisika.

"Nani kapigilia misumari hapa?"

Mjane akajibu, "Mimi. Wanaume wasipate pa kumsemeshea. Kwa heshima yake."

"Ndiyo niliyotaka kukwambia siku ile, shangazi. Namba haipandi kwa wingi wa watu tu. Hata mtu mmoja, ukimfungia usiku kucha bila hewa kuingia wala kutoka, inapanda vilevile. Humu mna pumzi zake mwenyewe, zimejaa mpaka darini."

Binti akainua macho, akakiona kidude juu ya kabati lake.

"Mama, ulikuwa unanihesabu?"

Uongo mwingi ulimjia mjane mdomoni, wote umejitanda nguo za sala. Akaumeza. "Nilikuwa nakuchunguza, mwanangu. Mimi na uzee wangu na tasbihi yangu. Nisamehe, usiniache. Misumari nitaing'oa sasa hivi, hata kwa meno."

"Meno yenyewe manne," jirani akanong'ona.

Hakuna aliyecheka. Binti akakunja nguo zake, akazitia kwenye begi, akakiteremsha kidude na kukilaza juu ya kitanda kitupu. Mjane alitamani kuuziba mlango kwa mwili wake wote. Akajikuta anasogea kando. Binti akapita katikati yao, akatoka.