Maji Kwenye Vioo

Baridi ya Julai ya Eldoret haina adabu, na mama mkwe wa Akumu alipowasili kutoka Ahero aliitangazia vita siku hiyo hiyo. Aliziba kila ufa wa dirisha kwa magazeti. Kisha akateleka sufuria kubwa ya maji, ichemke kutwa ili mvuke upashe nyumba joto. Nguo mbichi nazo zikaanikwa humo humo ndani, maana mtaani kwao Langas ukianika nje unaanikia wezi.

Kila asubuhi maji yalichuruzika kwenye vioo hadi sakafuni. Ukuta wa kando ya kitanda ukaota ukungu mweusi, na kifua cha Christabel, binti wa Akumu wa miaka mitano, kikaanza kukoroma.

"Ni hiyo unyevu, mama," nesi wa zahanati alimwambia Akumu. "Fungua madirisha, pangusa hayo maji, mtoto apate hewa."

Akumu akafungua. Mama mkwe akafunga. Kila Akumu akirudi kutoka sokoni, alikuta magazeti yamerudishwa na sufuria inatokota. Penye wazee hapaharibiki neno, husema watu. Wangefika nyumba hiyo kwanza! Kwa kuwa hakuthubutu kubishana na mama mkwe, alimwomba mumewe, Ouma, aseme naye.

"Mama amelea watoto saba," Ouma akajibu. "Wewe umelea mmoja, na anakohoa."

Neno hilo lilimchoma Akumu, lakini hakuacha. Jumapili mama mkwe alimfumania akichomoa magazeti.

"Ouma! Kuja uone mwenye anaua mtoto na baridi!"

Jioni hiyo ikaamuliwa Christabel aende Ahero na nyanyake, aliyemwita Dani, mpaka apone. Akumu alilia, akapiga magoti. Asubuhi mtoto akapakiwa garini.

Haukupita mwezi, simu ikaja kutoka Ahero. Ouma akaiweka kwenye spika.

"Mama, sikohoi tena!" Christabel alisema. "Kwa Dani hakuna vioo. Upepo inaingia hapo juu, kati ya ukuta na paa, usiku yote!"

Akumu akamgeukia mumewe, furaha imemjaa kifuani. "Umesikia, Baba Christabel? Ni upepo! Si nilisema? Sasa arudi."

"Nimesikia," Ouma akasema. "Hewa ya nyumbani ni dawa. Na mama anajua kulea."

Akaitoa simu kwenye spika, akamwomba mamake amtafutie mtoto shule huko.