Zimamoto wa Kirumba

Ile mashine ya mchezo ya kaseti haina ghorofa ya tano, hilo Modesta analijua bila hata kuiwasha, maana mumewe Obedi alilisema mara nyingi mno, jengo la kwenye mchezo wa ukumbini lilikuwa na ghorofa sita na la kwenye kaseti lina tano tu, wameitoa ile ya tano yenye bibi na paka wake, kaseti haikuwa na nafasi, alisema, ni kama mtu anayehama nyumba, akiona kabati halipiti mlangoni analiacha... na Mayala, ndugu yake Obedi, amesema tena, yuko pale mlangoni, kofia mkononi, "Shemeji, shika chochote tu, wazee wanasubiri nje," naye Modesta amekaa kwenye mkeka, miguu imekufa ganzi, mbele yake kwenye kitenge zimepangwa mashine tatu za michezo za marehemu mume wake, na hajashika hata moja. Kwao Obedi, Misungwi, ndivyo ilivyo, siku ya kuanua tanga mjane hushika kitu kimoja kwa mkono wake kabla ndugu hawajagawana, na alichokishika hakuna atakayekigusa tena, wazee walikuwa wamejiandaa kwa friji, wengine walisema cherehani, na alipoomba aletewe zile za michezo wakatazamana, shangazi mmoja akauliza kama mtoto amekula. Amekula. Ni hesabu ya moyo tu ndiyo haijakaa sawa, Bwana, wewe unajua, Jumanne nilisema uongo kwa mgonjwa na Ijumaa ukamchukua.

Nje wanacheka, huyo ni Kashindye, binamu yake Obedi na mtani wake, tangu asubuhi amevaa koti la marehemu na amekalia kiti cha marehemu, anadai chai, "Mimi ndiye Obedi, mke wangu yuko wapi, mbona mnakula ng'ombe wangu kama mmealikwa?" na kina mama wanamtupia makopo, na ni haki yake, mtani asipofanya hivyo msiba unakaa vibaya... Kompyuta hii yenye kibodi ndiyo ilikuja ya kwanza, aliiacha mwalimu mmoja mmisionari aliyekuwa anarudi kwao, ukitaka kucheza unaweka mkanda kwenye redio na inapiga kelele kama mbuzi aliyenaswa kwenye seng'enge, dakika tano nzima, ukikohoa karibu inagoma, au Obedi alisema ni kikohozi, na ikishafunguka zimamoto ni mweupe, ila akipita mbele ya moto naye anageuka mwekundu, anageuka mwekundu mwili mzima kana kwamba ameshika moto yeye mwenyewe, Obedi alicheka mpaka machozi, akaandika kwenye daftari, rangi hapana, ngazi sawa, kengele nusu. Alikuwa fundi redio, kila kitu kwake kilikuwa na ukurasa.

Na kengele ndiyo iliyomleta Obedi kwa Modesta, si kingine. Baba yake Modesta, mzee Okech, alitoka Mara na mashine tatu zilizochoka akafungua ukumbi wa michezo Kirumba, na Modesta alikaa nyuma ya ile ya Zimamoto, kwenye stuli, kati ya mashine na ukuta, akifunga karanga kwenye karatasi, miaka minne, hakuwahi kukiona kioo chake hata siku moja, wavulana walijaa mbele wakipiga mayowe, lakini mlio wote ulipita mgongoni mwake, kengele ya hatari inalia mara mbili, chini kisha juu, halafu maji, halafu kishindo cha mtu kutua kwenye shuka. Obedi alikuwa mmoja wa wale waliopiga mayowe. Miaka ishirini baadaye, wameshaoana, wako hapa Buswelu, akamwambia, mke wangu, natafuta Zimamoto ileile ya kwa baba yako, mimi macho ninayo na vidole vinakumbuka, ila sauti sikuisikia kamwe kwa zile kelele, masikio ni ya kwako, na tangu hapo kila alichonunua kwenye mitumba ya vyombo kilikuja kwanza kwa Modesta, anaambiwa afumbe macho, akiwa na unga mikononi, akiwa na rozari, "Vipi hii?" "Hapana." "Hapana kabisa?" "Maji ni yenyewe, kengele hapana." Naye anaandika.

"Au tukuongezee muda, shemeji?" Mayala anauliza, si kwa ubaya, ni mtu mpole, jua linampiga kisogoni. Modesta anatikisa kichwa na Mayala hajui kama ni ndiyo au hapana, hata yeye hajui.

Ya pili ndiyo hii ya kaseti, ile ya kuchomeka, na ya tatu ndiyo hii ya diski, nyeusi, nzuri, ghorofa sita zote, bibi yupo, paka yupo, na kengele... siku ile aliisikia akiwa uani akaacha ndoo ikamwagika, chini kisha juu, ndiyo hiyo hiyo, akakimbia ndani, lakini Obedi alikuwa ameweka padi ya kubonyezea chini, uso umemwanguka, anasema zimamoto anachelewa, nabonyeza sasa yeye anaruka kesho, ni hii televisheni bapa, ile ya kichogo ingeenda naye sawa, na ya kichogo ilikuwa imeshakufa, akatafuta nyingine mpaka Kisesa, halafu mwili ukaanza kukataa. Kwa hiyo kitandani alibaki na hii ya kaseti kwa kuwa padi yake ni nyepesi. Alikuwa akisema kwa mzaha, nikiipata yenyewe nitapumzika. Jumanne hiyo alikuwa hajalala siku mbili, vidonge viko kwenye sahani hajavigusa, kengele ya kaseti inalia mara moja, juu tu, haina chini, kama filimbi ya refa, akauliza, "Vipi hii, Modesta?" naye amechoka, Mungu amsamehe, akasema, "Hii ndiyo yenyewe." Akamwangalia. "Una hakika?" "Ndiyo yenyewe, baba, sasa kunywa dawa." Akanywa. Akalala. Na kwenye daftari ameandika, kwa mwandiko ule uliokuwa umeanza kupinda, Modesta amethibitisha.

Ndiyo maana aliomba ziletwe. Alitaka kushika ya diski mbele ya ukoo mzima, mkono useme ukweli ambao mdomo haukuusema, halafu Jumamosi aende kwa padri aungame, na hii ya kaseti Mayala aichukue, aende nayo mbali, asiione tena...

"Kinaruka mapema!" Ni Kashindye, amesimama juu ya kiti sasa, Modesta anamwona kwa pembeni ya Mayala, vidole gumba viwili vinabonyeza hewa, shingo imeinama kushoto vilevile kama shingo ya Obedi, "Jamani kinaruka mapema! Hiki kizimamoto kimekunywa nini? Cha mzee Okech kilikuwa kinasubiri uachie kitufe, hiki kinaruka kabla hujafikiri!" na kina mama wanaangua kicheko, mmoja anasema, "Obedi mtupu huyo!" na Kashindye, "Mnadhani natania? Siku naja kumwona alikufa mara kumi kwenye ngazi ileile, anacheka tu!"

Siku aliyokuja kumwona. Alikuja mara moja, Jumatano, alikuja na samaki wawili, Modesta aliwapara mwenyewe, akachemsha chai, akasikia wanacheka huko chumbani, na alipoingia na sinia wakanyamaza, alidhani ni mambo ya wanaume... Jumatano. Jumanne imeshapita. Anahesabu tena, polepole, kama anavyohesabu punje za rozari, Jumanne, Jumatano. Vidole vya Obedi vilikuwa vinajua kwamba si yenyewe. Vilijua toka Jumanne yenyewe, toka alipouliza una hakika, vidole miaka minne vimesubiri kuachia kitufe, nani atavidanganya, na bado akaandika amethibitisha, na Alhamisi akaicheza kutwa nzima, akifa kwenye ngazi ileile, na kila Modesta alipopita alimwonyesha dole gumba, "Umepatia, mama." Obedi aliumeza uongo wa mkewe kama alivyomeza vile vidonge, bila kukunja uso, ili yeye aliyekuwa na sahani mkononi apate kukaa chini. Na alikaa. Alhamisi Modesta alilala saa nne mfululizo, usingizi wa kwanza tangu Pasaka.

Basi Jumamosi ataungama nini, Bwana? Aseme walidanganyana wawili, kwa siku tatu, na hakuna aliyeumia?

"Shemeji," anasema Mayala. Mkono wa Modesta bado uko pajani, haujasogea, lakini anajua sasa unakwenda kwenye ipi, na anataka kumwambia Mayala ni hii, yenye ghorofa tano, lakini nje Kashindye ameinamisha tena shingo na ananyoosha dole gumba kuelekea mlangoni, kwake, na anamwiga Obedi vizuri mno, kwa hiyo anainua kiganja, asubiri kidogo, shemeji, wasubiri, amwangalie huyu kwanza.