Saa Nne ni ya Maswali

Mimi ulimi wangu haujui kutulia, ndiyo maana wameuwekea sheria. Hapa zahanati, kila saa nne chai ikishamiminwa, daktari hutuletea kisa cha mgonjwa mmoja anayemuumiza kichwa. Sisi wawili, mimi nesi na mzee wa dirisha la dawa, tunaruhusiwa kuuliza tu. Ukitoa jibu, unaosha vikombe. Daktari anasema jibu la mwenzake linamfunga akili, swali linaifungua. Haya bwana, nimeosha vikombe mwaka mzima.

Jumanne hiyo alituletea kisa cha mwalimu wa chekechea. Miezi miwili anakohoa, kikohozi kikavu. Makohozi yamepimwa, picha ya kifua imepigwa, hakuna kitu. Lakini wazazi walikuwa wananong'ona kifua kikuu, na mwalimu mkuu kampa mpaka Ijumaa: alete barua ya daktari, la sivyo darasa anapewa mwingine. Mama wa watu alikuwa benchini nje, kakumbatia mkoba wake. Nilimwonea huruma mpaka chai ikanishinda.

Daktari akapitia yote: pumu, kiungulia, vumbi la chaki. Mwisho akasema atamwongezea dawa nyingine ya kifua. Jibu lilikuwa kooni linaniwasha, ila juzi tu nililipuka na jibu, likawa silo, na mgonjwa akahangaika bure. Mzee wa dawa, mchokozi yule, akasogeza vikombe upande wangu. Nikaligeuza jibu langu likawa swali.

"Daktari, kabla hajaanza kukohoa, sisi tulimpa nini?"

Akafungua faili. Akasoma, akarudi nyuma, akasoma tena. Dawa mpya ya presha, wiki moja kabla ya kikohozi, kwa mwandiko wake mwenyewe. Dawa ile huwakohoza baadhi ya watu, na yeye anajua tangu chuoni. Akajipiga paji la uso, akacheka.

Nilidhani ataibadilisha kimyakimya, yaishe. Nawajua wakubwa. Yeye akamwita mwalimu ndani, mbele yetu.

"Mama, nisamehe. Kikohozi hiki nilikupa mimi."

Kisha akaandika barua: mwalimu huyu hana ugonjwa wa kuambukiza, anakohozwa na dawa niliyomwandikia mimi, nimeshaibadilisha. Mwalimu akaisoma mara mbili, anacheka huku machozi yanamtoka. Akauliza kama anaweza kupata nakala, abandike kwenye lango la shule.

Daktari akampigia muhuri nakala tano.