Mpole Amebalehe

Jina lake Mpole, na mpaka alipotimiza miezi minne hakuna aliyelipinga. Jovina alimnunua gulioni, sungura wa saizi ya ngumi, mweupe, sikio moja limelala, akamlea sebuleni kwake Tabata kama kitinda mimba. Alimlisha mchicha mkononi. Alimwacha alale juu ya madaftari ya darasa la nne aliyokuwa akiyasahihisha.

Mwezi wa tano ukaingia, na shetani naye akaingia. Hivyo ndivyo alivyosema mumewe, Gaudens, karani ambaye kila asichokielewa hukiita shetani, isipokuwa kompyuta ya ofisini. Hiyo huiita mtandao. Sungura alimzunguka miguuni akiguna. Alirusha mkojo ukutani mpaka ukafika kwenye picha ya harusi. Kila jioni aliiparamia ndala ya Gaudens, ile ya kushoto. Ya kulia hakuitaka.

"Mama Kokushubila," Gaudens akamwambia mkewe, "Jumamosi jumuiya inasali hapa kwetu, na siku hiyohiyo tunachagua mwenyekiti. Unajua nagombea. Huyo mnyama akiniaibisha, namla kwa ndizi."

"Umle mwanangu?"

"Mwanao ana mkia?"

Jovina hakucheka. Mwaka jana jogoo aliwika katikati ya rozari. Jioni alikuwa mchuzi.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi wanajumuiya wakafika, wakavua viatu mlangoni, jozi kumi na tatu kwenye mstari. Mpole alikuwa jikoni ndani ya boksi, na juu ya boksi ndoo ya maji. Lakini boksi ni karatasi, na sungura ana meno. Walipofika fumbo la tatu la rozari, mguno ukasikika mlangoni.

Mpole alikuwa amekiuma kiatu cha Mzee Kasimiri, mwenyekiti anayemaliza muda, na alikuwa akikifanyia mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha sala. Alipomaliza, akapita mstari mzima akiubatiza kwa mkojo. Hakubagua cheo wala bei.

"Huyu katumwa!" akasema Mzee Kasimiri, akachukua maji ya baraka. Mzee akanyunyiza. Mpole akamzunguka mara tatu, akageuza mgongo, naye akanyunyiza.

"Leteni kisu," Gaudens akanguruma.

"Kisu!" wakaitikia wanaume wengine watatu.

Jovina akamkumbatia sungura, akang'atwa kidole, hakumwachia. Kwa mkono mwingine akampigia Shelina, daktari wa mifugo mtaa wa pili, akaiweka simu kwenye spika, akamweleza yote.

"Ana miezi mingapi, mwalimu?"

"Mitano."

"Basi kijana kabalehe. Homoni hizo. Akikuzunguka miguuni anakutongoza, akirusha mkojo anaweka mipaka yake. Hana ubaya."

"Kumbe homoni!" akasema Eufrazia, mama wa makamo aliyeketi karibu na mlango. "Mie miaka yote kwa mume wangu nilijua ni pombe."

"Sasa dawa yake?" Jovina akauliza.

"Niletee Jumatatu nimhasi. Nakata, natoa korodani zote mbili, nashona. Ndani ya wiki nne hadi sita atatulia."

Wanaume wanne wakakunja nne kwa pamoja kama waliopigiwa filimbi.

"Tusifanye haraka," akasema Mzee Kasimiri, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Kijana huyu. Sisi sote tulipitia huko."

"Shikamoo, mzee," akasema Eufrazia. "Dakika mbili zilizopita si alikuwa shetani?"

"Shetani huombewa, binti yangu. Lakini hilo la daktari..."

"Afadhali tumchinje," Gaudens akadakia. "Afe mwanaume!"

Jumuiya yao huamua kila jambo kwa mikono, hata rangi ya vitambaa vya sherehe. Jovina, ambaye hunyamazisha watoto sabini kwa kope tu, akasimama na sungura kifuani, damu ikimtoka kidoleni.

"Wanaotaka Mpole ahasiwe na aishi, mikono juu."

Wanawake kumi na mmoja, mikono kumi na moja. Wa Jovina ulikuwa na sungura, ukahesabiwa hivyohivyo.

"Msishushe!" Eufrazia akapaza sauti. "Kwa kuwa iko juu tayari, tumalize na la mwenyekiti. Mie nampendekeza Mwalimu Jovina."

Hakuna aliyeshusha. Gaudens alihesabu mara mbili, akitafuta kosa.

Siku hizi Mpole amerudia usingizi wake juu ya madaftari. Jumuiya ikisali pale, wanaume huja na viatu vyao mikononi na kuketi mbali na mwenyekiti, miguu imekunjwa. Na Shelina akipita kumkagua mgonjwa wake, Gaudens hukumbuka ghafla kwamba ana safari Temeke.

Ndala ya kushoto bado ipo pale mlangoni. Hakuna anayeigusa, hata Mpole.