Onja, Injinia

Ruguru hakwenda kusomea kompyuta kwa sababu anazipenda. Wapi! Alikwenda kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa na jina: Koome, fundi wa kompyuta wa Meru mwenye duka karibu na soko la Gakoromone, ambaye hata mama yake mzazi sharti amwite Injinia.

Ruguru alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa nje ya Runyenjes, miaka tisa bila doa. Asubuhi moja kompyuta ya ofisi ikagoma. Ililia piii, piii, piii, na skrini ikabaki nyeusi tii. Meneja, Bwana Njoka, akampigia Koome simu. Koome akaja, akafungua kifuniko, akaona rangi ya kahawia ndani, akatikisa kichwa. "Huyu mama ameimwagia chai. Imekufa hii." Basi, hakugusa kitu kingine. Ruguru aliapa hadi sauti ikamkauka, lakini nani amsikilize? Njoka alimfuta kazi, kisha akalitangaza kosa lake kwa kipaza sauti mbele ya wakulima wote. Tangu siku hiyo akawa Mama Chai, kanisani, sokoni, hadi kwa watoto wa shule. Mumewe, Mutembei, alimwambia asahau. Asahau! Mtu akuvue nguo mbele za watu, halafu usahau?

Akajiandikisha darasa la Jumamosi mtaa wa Majimbo, mjini Embu. Mwalimu wake, Shamima, alikuwa mwanamke asiyetaka mchezo. "Angalia soketi kwanza. Halafu waya. Halafu sikiliza mashine inasema nini. Na usiseme kitu kimekufa kabla hujakijaribu." Wenzake darasani walitaka kazi. Ruguru alitaka shingo ya mtu, na kila parafujo aliyoifungua aliifungua akimfikiria Koome.

Wiki ya tano Shamima aling'oa RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, kisha akawasha mashine. Piii, piii, piii. Ruguru aliruka kutoka kitini.

"Mwalimu! Hiyo sauti!"

"Inalalamika haioni RAM. Mara nyingi ni uchafu tu. Unasugua meno yake, hizi ncha za dhahabu, kwa raba ya kufutia penseli, unarudisha."

"Na kama ni chai?"

"Chai gani, dada?"

Ruguru alicheka peke yake njia nzima hadi nyumbani.

Angeweza kumwendea Njoka kimyakimya. Thubutu! Aliaibishwa hadharani, na hadharani angelipiza. Akangoja mkutano mkuu wa ushirika wa wakulima wenye kiwanda, kwa sababu yeye na Mutembei ni wanachama, na ajenda ikifika "mengineyo" mwanachama yeyote ana haki ya kusimama. Na nani alikuwa pale siku hiyo akihangaika na vipaza sauti? Koome mwenyewe. Ruguru alimshukuru Mungu kwa sauti.

"Naomba ile kompyuta iliyokufa itolewe stoo," akasema.

Watu wakaguna, maana walitaka kwenda nyumbani, lakini mzee mmoja akapaza sauti: "Si mumpe tu!" Ikaletwa. Ruguru akaiwasha wote waisikie ikilia, akazima, akachomoa waya, akafungua. Ile rangi ya kahawia ilikuwepo. Akaikwangua kwa ukucha. Lilikuwa vumbi la maganda ya kahawa, lile linaloingia kila ofisi ya kiwanda, lililonyonya unyevu wa masika na kugandamana. Kila mkulima pale analijua, na karani hulipangusa mezani kila asubuhi. Fundi wa mjini hakulijua.

Hapo Ruguru akaelewa kwamba Koome hakusema uongo. Hakujua tu. Je, moyo ulimlainika? Hata kidogo.

"Injinia, njoo. Onja."

"Nionje nini?"

"Ulisema ni chai. Onja mbele ya hawa."

"Onja! Onja!" wakulima wakaanza kupiga makofi. Koome akagusa kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Ina sukari?" Ruguru akamuuliza.

Watu walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Ruguru akatoa raba mfukoni, akasugua meno ya RAM, akairudisha, akawasha. Skrini ikawaka. Njoka, jasho likimtoka, akamnong'oneza arudi kazini Jumatatu.

"Nitarudi. Lakini shika hicho kipaza sauti kwanza, waambie wote haikuwa chai." Njoka akawaambia, na Ruguru akasikia utamu ambao hakuuonea haya.

Ruguru alipokuwa akiondoka, Koome akamfuata hadi getini, kofia mkononi.

"Mama, kuna wengine niliosema hivyo hivyo juu yao. Chai, wakafutwa kazi. Sikuwa najua."

Ruguru akasimama. "Wangapi?"

"Mmoja alikuwa karani kama wewe. Mwingine mwalimu. Wengi, mama. Sijahesabu."

Ruguru akafungua mkoba wake, akatoa daftari la darasani na kalamu, akampa.

"Andika majina yao yote. Utawaendea mmoja mmoja, mbele ya waliowafuta kazi, na mimi nitakuwa nimesimama hapo."