Majina Matatu

Hakuwa na mke tena, wala meno mawili ya juu, wala kiti cha pili. Hakuwa na hamu ya kula, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kumkana. Hakuwa na saa inayokwenda, jambo ambalo halikumsumbua mpaka siku alipoanguka bafuni akalala sakafuni asijue saa ngapi. Hakuwa na jirani hata mmoja aliyemjua kwa jina. Alichokuwa nacho kwa wingi ni rangi: makopo kumi na saba chini ya kitanda, mabaki ya miaka arobaini ya kuandika mabango ya maduka, shule na zahanati. Katika jengo lile la ghorofa tatu walimwita Fundi Herufi, naye aliitika, akiamini kwamba jina la kazi linamtosha mtu anayejiheshimu.

Alianguka Jumamosi asubuhi. Nyonga ilikwama kati ya ukuta na ndoo, bomba likiendelea kutiririka. Sauti ilimtoka nyembamba kama uzi, basi akachukua kopo la kuogea akaanza kugonga sakafu. Akagonga, akagonga. Kutoka chini, jirani waliyemwita Mwoka Mikate, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu, akajibu kwa kugonga dari.

"Fundi! Leo Jumamosi! Hebu tupumzishe na misumari yako!"

Fundi akaacha kugonga.

Kesho yake maji yalipita chini ya mlango, yakavuka ujia, yakalowesha kitambaa cha mteja kwa jirani wa mbele, mshonaji waliyemwita Mama Cherehani. Mama huyo alitoka amevimba kwa hasira, akasukuma mlango, akamkuta. Fundi aliishikilia siku hiyo moyoni kama mwiba: hakuna aliyemjia yeye. Watu waliyajia maji.

Zahanati alikopelekwa ikampigia simu binti yake, aliyeishi mji mwingine. Baada ya wiki ikaja barua. "Baba," aliandika, "kwenye simu unanidanganya. Kila siku ni 'mzima tu, mwanangu,' halafu unakata. Sasa nijibu kwa kalamu. Nitajie watu watatu, kwa majina yao, watakaobisha mlango wako usipoonekana siku moja. Ukinitajia, nitakuacha ukae kwako. Usiponitajia, mwisho wa mwezi ujao nakuja kukufungia mizigo."

Kwa binti kulikuwa na chumba kizuri chenye zulia. Fundi aliwahi kukaa humo siku tisa. Kila alipomaliza chai, mtu alimpokonya kikombe akakiosha kabla hakijapoa. Siku ya tisa alijikuta anaomba ruhusa ya kufungua dirisha.

Akakaa mezani, akaandika majina matatu mazuri, kwa mwandiko wa kunyooka. Yalikuwa majina ya rafiki zake watatu, wote marehemu. Alipoyatazama yalivyopangana, machozi yakamjaa, akaichana karatasi.

Basi akapika maharage, akafungua mlango, akaketi kizingitini na sahani magotini.

"Karibu chakula, Mwalimu."

"Asante mzee, nimeshiba," akasema jirani waliyemwita Mwalimu wa Hesabu, akimeza mate.

"Karibu, mama."

"Starehe, Fundi. Ndiyo kwanza natoka kula."

Siku tatu alikaribisha, siku tatu jengo zima lilikuwa limeshiba. Ndivyo adabu inavyotaka: mwenye sahani hukaribisha, na mpita njia hushiba papo hapo. Hakuna aliyemkosea. Usiku wa tatu alimwaga maharage yaliyochacha, akaona kwamba mtu anaweza kufa katikati ya watu wenye adabu.

Ijumaa alishuka na kopo la buluu hadi ukuta wa chini, karibu na mabomba, ambako kila mtu alipita. Alichora herufi za urefu wa mkono, jasho likimwingia machoni. Alipomaliza alipanda ngazi kwa makalio, daraja moja moja.

Katika lugha ya mama yake sauti mbili fulani hazikutengana. Alizitenganisha ukubwani, katika darasa la jioni, baada ya kuchekwa sana, na tangu hapo hakumsamehe mtu yeyote aliyezichanganya. Aliwahi kumfukuza mwanafunzi wake kwa kosa hilo. Lakini uchovu ni mlango wa nyuma, na Ijumaa ile ulimi wa utotoni ulipitia humo ukamshika mkono. Ukutani palisomeka: JUMAPILI SAA SABA MCHANA. KURA KWA PAMOJA HAPA. KILA MLANGO UFIKE.

Wakafika. Alipoteremka na sufuria yake aliwakuta zaidi ya ishirini, wamekunja nyuso.

"Kura ya nini? Nani kagombea?"

"Kama ni ya kumtoa msimamizi wa jengo, mimi napiga kwa mikono miwili!"

"Una mikono miwili, kura moja. Kaa chini."

Mama Cherehani akapenya katikati yao. "Fundi, wewe ndiye mwenye maandishi. Tunapigia nini kura?"

Fundi alitazama sufuria. "Maharage," akasema.

Mwalimu wa Hesabu akageukia ukuta, akasoma, akasoma tena, kisha akashika tumbo. "Jamani! Tumeitwa *kula*! Watu wazima tumeitwa kula, tumekuja kupiga kura!"

Kicheko kikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. "Maharage yamepita bila kupingwa!" Mwoka Mikate akapiga kelele. Tayari wengine walikuwa wanapanda kuchukua walichokiacha jikoni, maana sufuria ile isingetosha hata watu sita, na aliyekwisha kufika kwa kura hakuweza tena kusema ameshiba.

Fundi hakucheka. Alisimama mbele ya herufi ile, kubwa kuliko kichwa chake, akatamani sakafu immeze. Miaka arobaini! Akaagiza brashi na kopo la buluu kutoka kwake airekebishe, lakini goti likakataa na mkono ukatapakaza rangi ukutani.

"Nipe," akasema Mama Cherehani.

"Kazi ya fundi haishikwi na—"

"Nipe, mzee. Vitambaa vyangu umevilowesha, ukuta wako nitauchafua. Tutakuwa sawa."

Aliichora. Ilitoka imepinda kama kiti kilichovunjika mguu. Fundi angemtimua mwanafunzi kwa herufi kama ile.

"Inasomeka?" mama akauliza.

"Inasomeka," Fundi akasema, na neno likamtoka kama jino.

Baada ya hapo brashi haikurudi mkononi mwake. Mwoka Mikate alichora mkate uliofanana na kiatu. Mwalimu alichora sahani, lakini duara lake halikukutana, akaambiwa hesabu zake ndizo hizo. Kila mlango ulichora sahani yake, mbaya kuliko ya jirani. Fundi aliketi kwenye ngazi, akala kwa mkono, akitazama ukuta wake ukiharibika, na akashangaa kwamba ameomba kuongezewa chakula.

Kama hii ingekuwa hadithi ya kufurahisha, ingeishia hapo. Jumapili iliyofuata walikuja saba. Iliyofuata, wawili: Mama Cherehani na Mwalimu. Wengine walipita, wakatazama sahani zao ukutani, wakasema wameshiba.

Mwisho wa mwezi ukakaribia, Fundi akapita na karatasi kuomba majina. Mama Cherehani alimtajia jina lake, akamwamuru alisome kwa sauti. Mwalimu alimtajia majina yake matatu, la babu likiwemo. Kwa Mwoka Mikate, Fundi alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kubisha.

"Ile Jumamosi," akasema, "sikuwa napiga misumari."

Mwoka Mikate alijua. Jengo zima lilikuwa limejua. "Nilisikia ulivyoacha," akasema polepole. "Nikashukuru. Nikalala."

"Niliacha kwa aibu."

Hawakutazamana. Kisha Fundi akamwomba jina.

"Usiniandike, mzee wangu. Nikitoka zamu nalala kama gogo, hata radi siisikii. Nikikupa jina, binti yako atalitegemea, na wewe utalitegemea. Sitaki kukuacha sakafuni mara ya pili."

Fundi alipanda kwake. Majina mazuri ya marehemu yalimjia tena, moja lingejaza nafasi, na nani angejua? Akaandika mawili. Mahali pa la tatu akaandika: "Wa tatu ameniambia ukweli, basi nami nakuambia. Niligonga, mwanangu, halafu nikaacha. Nilikuwa na nguvu ya kuendelea. Sikutaka wajue. Nikianguka tena, nitaendelea kugonga. Sijui kama wawili wanatosha, pima wewe."

Hakuisoma tena. Alilamba gundi, akaibana bahasha kwa ngumi, akashuka. Posta ilikuwa mitaa miwili mbele, naye alipumzika mara nne. Aliitia barua nusu katika mdomo wa sanduku, akaishikilia kwa vidole viwili, watu wakimpita kulia na kushoto. Halafu akaiachia.