Pampu Isiyozunguka

Siku ya sita pampu ya upepo ilikuwa bado imesimama, na Numbi, fundi aliyeifunga, hakuweza kukaa. Alikula akiwa amesimama, macho kwenye mabawa ya bati. Ng'ombe walinyweshwa kwa ndoo. Bwana Stanislas, mzungu msimamizi wa shamba, alikuwa amesema: isipozunguka kufikia Jumamosi, Numbi na mkewe watoke kwenye nyumba ya shamba.

Ijumaa asubuhi alipanda mnara, akatia mafuta kwa mara ya tatu. Alisukuma bawa kwa kidole. Likazunguka vizuri, likasimama.

"Ile uliyofunga Kaniama inazunguka!" Bwana Stanislas aliita kutoka chini. "Huku ulifunga na mikono ya nani?"

"Mikono njo ile ile, Bwana."

Nyumbani alimkuta mkewe, Ndaya, akitoka na ungo na mtama uliotwangwa.

"Unaenda wapi? Kiwanja iko hapa."

"Nipepete hapa, makapi inirudilie mu macho? Siye bamama tunaendaka ku kichuguu, kule juu." Ndaya akacheka. "Fundi ya upepo, weye haujue?"

Numbi hakucheka. Alibeba ungo, akamfuata. Juu ya kichuguu, makapi yaliruka mbali, yakapita vilele vya miti ya bondeni.

Alichana shati kuukuu vipande vitatu. Kimoja alikifunga kichuguuni, kimoja katikati ya mteremko, kimoja kwenye mnara bondeni. Mchana kutwa alitembea kati yao, akipanda na kushuka. Cha chini kilining'inia tu. Cha katikati kilitikisika. Cha juu kilinyooka. Kule Kaniama alikuwa amefunga pampu kwenye uwanda wa nyasi, bila bonde wala msitu, akadhani upepo ni sawa kila mahali, kama jua.

Jumamosi alimpeleka Bwana Stanislas kichuguuni. Yule mzungu alisimama hapo juu, shati likimpigapiga mgongoni.

"Maji iko chini, upepo iko huku," alisema.

"Njo vile, Bwana."

"Basi utachimba kisima huku. Mnara utahama."

"Kisima ya urefu gani?"

"Mpaka maji."

Ndaya alikuwa mlangoni, mikeka imekwisha kukunjwa. "Nifunge na vyungu?"

"Hapana. Tunabakia. Lete jembe, pampu itaenda kule juu."

"Na kichuguu yetu? Mutaivunja?"

Hilo Numbi hakuwa amelifikiria. Alichukua jembe, akarudi juu peke yake, akazunguka kichuguu mara mbili. Kisha akahesabu hatua arobaini kutoka hapo, upande ambao makapi hayafiki, akapiga jembe kwenye udongo mwekundu. Likadunda kama limepiga mwamba.